Stenti ya Moyo: Mshipa Hufanya Nini Baada ya Kuwekewa?

Ami yangu aliporudi kutoka India na stenti moyoni, alitangaza barazani kuwa amepona. Miezi mitatu baadaye akaacha dawa. "Bomba limeshazibuliwa, vidonge vya nini tena?" Swali si la kijinga, lakini mshipa si bomba. Mshipa ni kitu hai, na ukiguswa hujibu.

Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Hupitishwa kwenye mshipa wa mkono au wa paja ikiwa imebanwa juu ya puto. Puto likijazwa, wavu hutanuka na kukaa kwenye ukuta wa mshipa wa moyo. Jacques Puel aliweka ya kwanza mwaka 1986 huko Toulouse, Ufaransa. Kabla yake lilitumika puto pekee, alilolianzisha Andreas Grüntzig mjini Zurich mwaka 1977, na mishipa mingi ilijibana upya.

Kutanuliwa huko hujeruhi. Utando laini wa ndani huchubuka, damu ikakutana na chuma kitupu, na siku za mwanzo hatari kubwa ni bonge la damu. Kisha seli za misuli ya ukuta huzaana na kutambaa juu ya wavu, mfano wa kovu. Kovu dogo lina faida kwa kuwa hufunika chuma. Likizidi, njia hubana tena. Kwa stenti za chuma kitupu, hayo yaliwapata takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza.

Ndipo zikaja stenti zilizopakwa dawa, zilizoidhinishwa Ulaya 2002 na Marekani 2003. Dawa ya mwanzo, sirolimasi, ilitokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, kule Pasifiki. Ilizuia kovu vizuri, ila pia ilichelewesha utando mpya kurudi, na kufikia 2006 madaktari walikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya mabonge yanayotokea hata baada ya mwaka. Stenti za leo zina nyuzi nyembamba zaidi na hatari hiyo imepungua sana.

Ndiyo maana ya vidonge viwili, aspirini pamoja na klopidogreli au mfano wake: kwa kawaida miezi 6, au 12 kwa aliyepata mshtuko wa moyo, kisha hubaki kimoja. Usiache hata kwa kung'oa jino kabla ya kumuuliza daktari wa moyo. Ramadhani muulize pia kuhusu kumeza wakati wa futari au daku.

Miaka ikipita, mafuta huweza kujijenga hata ndani ya stenti yenyewe, hasa sukari, presha na sigara zisipodhibitiwa.

Ami alirudi kwa daktari wake. Siku hizi vidonge vyake hukaa kando ya birika la kahawa, na wajukuu ndio wanaohesabu.