Moshi ndani ya kabini ya ndege

Moshi ndani ya kabini ni hali ya hatari inayotokea pale moshi au harufu ya kuungua inapoingia sehemu wanamokaa abiria au marubani, ndege ikiwa angani. Aghalabu chanzo chake ni kitu kidogo: waya uliochunika, feni iliyokwama, oveni ya jikoni, sigara iliyotupwa kwenye pipa la karatasi chooni, na siku hizi betri ya lithiamu ya simu au kompyuta mpakato. Moshi mwingi wa aina hii huisha bila madhara. Hata hivyo, mhudumu aliyesimama katikati ya viti hana njia ya kuutofautisha na ule unaotoka kwenye moto unaotambaa nyuma ya kuta, na kwa sababu hiyo mafunzo ya leo humtaka auhesabu kuwa moto mpaka ithibitike vinginevyo.

Ajali inayoonyesha vizuri zaidi ugumu wa kazi hii ni ya ndege namba 797 ya Air Canada, tarehe 2 Juni 1983. Ilikuwa DC-9 iliyotoka Dallas, Marekani, ikielekea Toronto na Montreal, ikiwa na abiria 41 na wafanyakazi 5. Saa 12:51 jioni, ikiwa futi 33,000, swichi tatu za kinga za mota ya choo cha nyuma zilijikata. Rubani alijaribu kuzirudisha zikagoma. Akadhani mota imekwama tu. Hilo halikuwa jambo la kushtua kwa wakati ule.

Ilipokaribia saa 1 usiku abiria mmoja wa nyuma alisikia harufu ya kuungua. Mhudumu alipofungua mlango wa choo alikuta moshi, lakini hakuona mwali. Mhudumu mkuu akaja, akaona moshi mweusi ukitoka kwenye maungio ya ukuta, akamimina humo gesi yote ya kizimamoto kisha akafunga mlango. Abiria walihamishiwa viti vya mbele. Rubani msaidizi alikwenda nyuma kuangalia, moshi ukamshinda kwa kuwa hakuwa na miwani ya kinga, akarudi kuichukua. Katika muda huohuo taarifa zilizomfikia rubani zilisema kwamba moshi unapungua. Ulikuwa umepungua kweli machoni pa waliouona, ilhali moto wenyewe ulikuwa ukiendelea kula kuta na dari mahali ambapo gesi ile haikufika. Rubani msaidizi aliporudi mara ya pili aliugusa mlango wa choo, akausikia wa moto, akaamua usifunguliwe. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, maana kuufungua kungeupa moto hewa.

Dakika chache baadaye umeme ulianza kukatika na vyombo vya marubani kuzimika. Saa 1:08 walitangaza hali ya hatari na kuanza kushuka kuelekea uwanja wa Cincinnati. Wahudumu waligawa taulo zilizoloweshwa ili watu wapumulie, na wakawaonyesha abiria wenye nguvu namna ya kufungua milango ya dharura ya juu ya mbawa. Ndege ilitua saa 1:20 ikiwa giza tupu ndani. Milango ilipofunguliwa hewa safi iliingia, na katika muda wa sekunde 60 hadi 90 hivi kabini nzima ililipuka moto. Wafanyakazi wote 5 na abiria 18 waliokoka. Abiria 23 walifariki, miongoni mwao mwimbaji wa Kanada Stan Rogers.

Chanzo cha moto hakikujulikana kamwe. Wachunguzi wa Marekani walitaja kudharauliwa kwa ukubwa wa moto, taarifa zilizopingana, na kuchelewa kuamua kushuka. Ni haki kuongeza kwamba marubani na wahudumu wale walijitahidi sana kwa vifaa duni walivyopewa. Baada ya hapo sheria zilidai vitambua moshi na vizimamoto vya kujiendesha vyooni, taa za njia karibu na sakafu, na viti vyenye kitambaa kisichoshika moto upesi.

Muda ndio unaobana kuliko chochote. Ndege namba 111 ya Swissair, Septemba 1998, ilianguka baharini karibu na Nova Scotia dakika 21 hivi baada ya marubani kusikia harufu ya kwanza, na watu wote 229 walikufa. Namba 163 ya Saudia ilifanikiwa kutua Riyadh mwaka 1980, lakini hakuna mlango uliofunguliwa kutoka ndani, na watu 301 waliangamia.

Siku hizi wahudumu hugawana kazi: mmoja hupambana na moto akiwa amevaa kofia ya kinga yenye oksijeni yake, wa pili hushika simu na kumweleza rubani anachokiona, rangi ya moshi, mahali na harufu, bila kukata, na wa tatu huleta vizimamoto vya ziada na kuhamisha abiria. Mlango hupimwa joto kwa mgongo wa kiganja. Barakoa za oksijeni za abiria hazishushwi kwa ajili ya moshi, kwa kuwa huchanganya oksijeni na hewa ileile chafu ya kabini na zinaweza kuchochea moto. Abiria huambiwa wainame na kufunika pua kwa kitambaa kibichi, ambacho huzuia masizi ingawa hakizuii kaboni monoksidi.

Kwa betri ya lithiamu, gesi ya halon ya kizimamoto huua mwali bila kupoza betri, kwa hiyo humwagiwa maji mengi au kinywaji chochote kisicho na kileo. Barafu haitumiki, maana hufunika joto likabaki ndani. Simu ikidondokea kwenye mitambo ya kiti, abiria haruhusiwi kukisogeza kiti hicho hata kidogo. Humwita mhudumu, kwani kuikandamiza ndiko kunakoipasua betri.