Kuondolewa kwa makamishna wa tume huru (Kenya)

Utaratibu wa kuwaondoa kazini makamishna wa tume za kikatiba nchini Kenya umewekwa na Kifungu cha 251 cha Katiba ya 2010. Unawahusu pia Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na Msimamizi wa Bajeti. Waziri huweza kufutwa kwa tangazo la jioni moja, hawa hapana.

Ugumu huo una chanzo. Mwaka 1986 Katiba ya zamani ilibadilishwa, Mwanasheria Mkuu na mkaguzi wa hesabu wakavuliwa kinga ya kazi. Mwaka 1988 wakafuata majaji wa Mahakama Kuu. Kinga ilirudishwa 1990, lakini funzo lilikuwa limeshaingia.

Kamishna huondolewa kwa kuvunja Katiba au sheria vibaya, utovu mkubwa wa maadili, maradhi ya mwili au akili yanayomzuia kufanya kazi, kutomudu kazi, au kufilisika. Mtu yeyote aweza kupeleka ombi kwa Bunge la Kitaifa. Bunge likiridhika humpelekea Rais, naye huunda jopo chini ya jaji, aliye kazini au mstaafu. Anaweza pia kumsimamisha mhusika, ambaye hapo hulipwa nusu mshahara. Uamuzi wa jopo humfunga Rais, na ana siku 30 za kuutekeleza.

Wengi hawangoji mwisho wa safari hiyo. Mwaka 2016, baada ya maandamano ya upinzani, makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) walikubali kuondoka mapema kwa malipo, bila jopo lolote.

Tarehe 15 Agosti 2022, mwenyekiti wa IEBC Wafula Chebukati akiwa ukumbi wa Bomas kutangaza matokeo ya urais, makamishna wenzake wanne walikuwa hoteli ya Serena wakiyakana. Desemba, William Ruto, mshindi wa matokeo hayo hayo, aliwasimamisha na kuteua jopo la Jaji Aggrey Muchelule. Hapa ndipo penye udhaifu wa kifungu: anayeteua jopo aweza kuwa mwenye maslahi. Watatu walijiuzulu. Irene Masit alibaki kujitetea peke yake, na jopo likapendekeza aondolewe.

Muhula wa Chebukati na wawili waliosalia ulikwisha Januari 2023. IEBC ilikaa bila kamishna hata mmoja hadi Julai 2025.