Hela ya Mjerumani pale Itetemia

Juzi nilikwenda Tabora kwa shughuli za familia, na jioni moja nikajikuta Itetemia, kwenye makao ya watemi wa Unyanyembe, nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya babu mmoja, ndugu wa marehemu bibi yangu. Baada ya shikamoo na habari za mjini, babu aliingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai, akanimiminia kiganjani sarafu moja nyeusi tititi.

“Mjukuu wangu, wewe umesoma. Hii ni milioni ngapi?”

Kabla ya kujibu nikafanya kosa linaloniuma hadi leo. Nikaomba ndimu na majivu, nikaisugua hadi ikang'aa. Maandishi yakatokea: D.O.A., mwaka 1916, 20 HELLER, na chini yake herufi T. Hiyo T ni Tabora. Nilikuwa nimeshika sarafu iliyotengenezwa papo hapo, kwenye karakana ya reli!

Ilikuwaje? Ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, sarafu kutoka Ujerumani haziji, na askari na wapagazi wanataka malipo. Wajerumani walichapa noti, lakini watu walizitazama kwa mashaka na kuficha rupia za fedha. Ndipo karakana ikageuzwa kiwanda cha hela. Shaba ya maganda ya mizinga ikawa sarafu za heller 5 na 20, zile za 20 zaidi ya milioni moja. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikawa sarafu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Hizo zilitoka 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora, na mambo yakaishia hapo.

Leo yule tembo huuzwa minadani Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola, na dhahabu iliyomo ni sehemu tu ya bei hiyo. Kinacholipiwa zaidi ni uchache wake na kisa chake. Na ya babu je? Zilitengenezwa nyingi mno, na yake imechakaa. Ni bei ya kuku mmoja au wawili. Tena baada ya ndimu yangu labda ni kuku mmoja, kwa sababu wakusanyaji huutaka ule weusi wa miaka. Sarafu iliyosuguliwa hushuka bei.

Lakini Unyanyembe imeyaona haya tangu zamani. Stanley alipopita hapa mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alibeba vitambaa, nyaya za shaba na ushanga wa kila rangi. Ilibidi aulizie mapema nani anapokea nini. Ushanga mweusi ulipita Ugogo, kwingine ulikuwa takataka. Mweupe ulipendwa Ufipa, Ukonongo wakaudharau. Msafara wenye mizigo tele ya ushanga usiotakiwa ungeweza kulala njaa. Hiyo ndiyo pesa, ndugu zangu: thamani yake iko kwa anayepokea.

Na sisi tumeyaona juzi tu. Kati ya Januari na Aprili 2025 Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Aliyekuwa ameficha zake chini ya godoro akachelewa, amebaki na karatasi.

Cha kuchekesha ni kwamba Mjerumani aliondoka, rupia ikaondoka, shilingi ikaja mwaka 1921, lakini heller imebaki mdomoni mwetu. Kila ukisema “sina hela” unaitaja sarafu iliyoanza kutumika huku mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja.

Nilimweleza babu yote hayo, pamoja na kumwomba radhi kwa ndimu. Nikamwonya pia asimpe mtu yeyote “gharama za kutafuta mnunuzi”, maana matapeli wa rupia za Mjerumani wamewaliza wengi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema sarafu hiyo aliachiwa na babu yake, aliyebeba mizigo ya jeshi wakati wa vita. Ulikuwa ni ujira. Zilikuwa nyingi, vita vilipokwisha hazikununua hata chumvi, watoto wakazichezea zikapotea. Ikabaki hiyo.

“Kumbe alibeba bure,” babu akasema.

Sikuwa na jibu. Aliirudisha koponi, akafunga kifuniko, akaniuliza kama nitakula ugali au wali.