Yeye Mmoja, Mirathi Mbili
Kila Waingereza wanapobishana kama "they" inaweza kumwakilisha mtu mmoja, hazikosi sauti Pwani zinazojisifu kwamba jambo hilo sisi tulilimaliza zamani. Ni kweli kwamba "yeye" wa Kiswahili hana jinsia, na Kidigo kinachosemwa kuanzia Diani hadi Msambweni na Vanga hakitofautiani nacho katika hili. Lakini kutoka hapo hadi kudai kwamba lugha imeleta usawa ni kuruka mto usio na daraja, na historia ya Wadigo wenyewe inalikanusha dai hilo.

Kwa desturi yao ya kale, Wadigo walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mali ya mwanamume ilikwenda kwa wana wa dada yake, si kwa wanawe wa kuwazaa. Uislamu ulipoenea vijijini mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mirathi ya sharia ikaanza kushindana na ile ya wajomba: mwana wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, mjane thumni ikiwa marehemu ameacha watoto. Mvutano huo ulichukua miongo. Mpwa aliyekuwa mrithi akajikuta nje, binti akapata fungu kwa baba yake, na katika mageuzi yote hayo kiwakilishi hakikutikisika hata kidogo. Wala tusiipambe enzi ya ukoo wa mama kana kwamba ilikuwa enzi ya utawala wa wanawake. Mwenye kauli alikuwa mjomba. Kiarabu nacho, ambacho hutenganisha mume na mke hata katika "wewe", kimetupa maneno mengi, "mirathi" likiwamo, lakini utengano huo hakikutupa. Watoto wa madrasa hujifunza "huwa" na "hiya", kisha wakirudi nyumbani huendelea na "yeye" wao.

Je, basi viwakilishi ni pambo tu? Hapana, hasa pale Kiingereza kinapokuwa lugha ya sheria. Wazungumzaji wake walitumia "they" kwa mtu mmoja tangu karne ya 14. "He" ya watu wote ilisisitizwa na waandishi wa sarufi wa karne ya 18. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza likaamua kwamba maneno ya kiume ndani ya sheria yawajumuishe wanawake, na kanuni ya aina hiyo ikarithiwa na sheria za Kenya. Katiba ya 2010 ilipoepuka kumwita kila raia "he", ilisahihisha kosa halisi: raia hapaswi kuingia katika sheria ya nchi yake kwa mlango wa kudhaniwa.

Hata hivyo, kiwakilishi sicho kilichobadilisha hesabu ya viti vya uongozi. Kaunti ya Kwale, nyumbani kwa Wadigo, ilimchagua Fatuma Achani kuwa gavana mwaka 2022, kiti kisichotengewa mwanamke, baada ya kuwa naibu gavana tangu 2013. Huo ni uamuzi wa wapiga kura. Kwingineko Katiba haikuficha jinsia, iliitaja: Ibara ya 97 inatenga viti 47 vya wanawake bungeni, kimoja kwa kila kaunti, na Ibara ya 177 inakataza jinsia moja kuzidi thuluthi mbili ya wajumbe wa bunge la kaunti. Sharti kama hilo haliandikiki kwa "yeye" peke yake.