Jina la Ugonjwa na Namba Yake: Uainishaji wa Maradhi ya Figo na Ureta kwa Mifano ya Mkoa wa Mara

1.0 Utangulizi



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika rejesta ya wagonjwa. Jibu langu ni kwamba rejesta ya hospitali ni kamusi ya aina yake. Kila safu yake humlazimisha mwandishi achague jina moja na kuyaacha mengine, na kisichopewa jina hakihesabiwi. Katika mhadhara huu nakusudia kueleza kwa ufupi jinsi ulimwengu ulivyofikia kuyapa magonjwa namba, na jinsi namba hizo zinavyokutana na lugha yetu Musoma, Bunda na Butiama. Nitajifunga katika maradhi ya figo na ureta, yaani ule mrija unaopeleka mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu.

2.0 Chimbuko la Namba

Kazi hii ilianza kwa kuhesabu vifo. Mwaka 1853, kongamano la kimataifa la takwimu lililofanyika Brussels liliwataka William Farr wa London na Marc d'Espine wa Geneva waandae orodha ya sababu za vifo itakayofaa nchi zote. Wataalamu hao hawakuafikiana. Farr aliyapa uzito mahali ugonjwa ulipo mwilini; d'Espine alitazama tabia ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 1860 Florence Nightingale alitoa hoja kwamba hospitali nazo zitunze takwimu kwa mpango mmoja. Mwaka 1893, huko Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha iliyokuja kuwa msingi wa Ainisho la Kimataifa la Magonjwa. Shirika la Afya Duniani lililichukua jukumu hilo mwaka 1948, katika toleo la sita, ambalo ndilo la kwanza kuingiza magonjwa yasiyoua. Toleo la kumi liliidhinishwa mwaka 1990.

Naomba tuukumbuke mgogoro wa Farr na d'Espine, kwa maana haukuisha. Swali la iwapo ugonjwa uitwe kwa mahali ulipo au kwa kilichouleta tutalikuta tena kando ya Ziwa Viktoria.

3.0 Kichocho katika Sura Mbili

Theodor Bilharz alimtambua mnyoo wa kichocho mjini Cairo mwaka 1851. Kiswahili hutumia jina hilo moja, kichocho, kwa maradhi mawili. Lipo la tumbo, ambalo katika Kanda ya Ziwa huambatana hasa na maji ya ziwa lenyewe. Na lipo la mkojo, ambalo huambatana zaidi na mabwawa na madimbwi ya bara. Ainisho huyatenga: la mkojo ni B65.0, la tumbo ni B65.1. Karani anayeandika "kichocho" bila kuongeza neno amekwisha kulifuta tofauti hilo.

Aidha, kichocho cha mkojo hakiishii kwenye kibofu. Mayai ya mnyoo hunasa katika kuta za ureta, kovu huota, njia husinyaa, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba. Katika miaka ya 1965 na 1966, Forsyth na Macdonald walichapisha taarifa za uchunguzi wa wanafunzi wa shule ya Usagara, Tanga, na shule ya Donge, Unguja. Picha za eksirei zilionyesha madhara ya ureta na figo kwa watoto waliokuwa wakihudhuria masomo kama kawaida.

Mtoto wa namna hiyo aandikwe wapi? Toleo la kumi linajibu kwa alama mbili. Chanzo, B65.0, hutiwa alama ya jambia (†) nacho kimo katika sura ya kwanza, ya maambukizi. Dhara la figo na ureta, N29.1, hutiwa nyota (*) nalo limo katika sura ya kumi na nne. Msimbo wa nyota hauruhusiwi kusimama peke yake. Wa jambia unaweza, na hapo ndipo hatari ilipo: nyota ikisahauliwa, mtoto amehesabiwa kuwa na minyoo, lakini figo yake haimo katika hesabu yoyote.

4.0 Kiswahili Njiani

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama anayetoka kijiji cha Butiama na mwanawe. Nyumbani ameyaeleza maumivu kwa Kizanaki. Kwa mganga anayaeleza kwa Kiswahili. Mganga anaandika faili kwa Kiingereza, kisha maneno hayo yanageuzwa kuwa namba. Hizo ni tafsiri tatu kwa maumivu ya mtu mmoja, na Kiswahili ndicho daraja la kwanza.

Daraja hilo lina ubao uliolegea. Katika usemi wa kila siku, "njia ya mkojo" ni ureta, ni mrija wa nje, na ni mfumo mzima. Siku hizi mitaani maradhi yote ya sehemu hiyo yamepewa herufi tatu, UTI. Mama akishasema "ana UTI", maumivu ya ubavuni hayaulizwi tena. Mwisho wa safari upo msimbo unaopokea kila kisichoelezwa, N28.9, yaani ugonjwa wa figo na ureta usiobainishwa. Kwa mintarafu hii, tunapoambiwa kwamba ugonjwa fulani ni nadra, yatupasa kuuliza kama ulio nadra ni ugonjwa au ni jina lake.

5.0 Hitimisho

Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, limeacha jambia na nyota. Sasa misimbo huunganishwa, chanzo kwa dhara, kama sisi tunavyopachika viambishi katika kitenzi. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuuogopa utaratibu huo. Lakini viambishi haviungi kitu pasipo mzizi, na mizizi ni istilahi.

Mwaka 1999 Watanzania wengi walijifunza kutamka "saratani ya damu", kwa kuwa ndiyo iliyomchukua Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama. Jina lilienea upesi kwa sababu mgonjwa alikuwa mkubwa. Mtoto wa Bunda anayevimba figo kimya kimya hatatangazwa redioni. Basi ni wajibu wetu sisi wa lugha, pamoja na wenzetu wa tiba, kuhakikisha kwamba neno "ureta" linafika zahanati kabla yake.