Mchungaji Worcester na Kiapo cha Georgia

Wasomaji wetu wamekwisha kusikia mara nyingi habari za wahubiri waliotiwa gerezani na wafalme wasiomjua Mungu. Leo twataka kuwapa habari za mhubiri aliyefungwa na watu waliojiita Wakristo, nao walimfunga kwa taratibu zote za sheria, mbele ya jaji na wazee wa baraza. Jina lake ni Samuel Austin Worcester. Nchi ni Marekani, mahali pale ambapo katika miaka ile mashamba ya Wazungu yalikoma na nchi ya wenyeji wa asili ikaanza.

Worcester alizaliwa mwaka 1798. Baba yake alikuwa mchungaji katika jimbo la Vermont, tena alijua kazi ya kupiga chapa, na mwana akajifunza kazi hiyo kwake. Mwaka 1825, alipokwisha kusoma elimu ya dini, chama cha misioni cha Boston kilimpeleka kwa Wacherokee. Hawa hawakuwa watu wa kutangatanga porini, kama Wazungu wengi walivyodhani. Walikuwa na mashamba na shule, na sheria zilizoandikwa. Mwaka 1827 walijiwekea katiba, na mji wao mkuu uliitwa New Echota. Tena mmoja wao, Sequoyah, mtu asiyejua kusoma Kiingereza, alikuwa amebuni herufi za lugha yao, herufi moja kwa kila silabi, zipatazo 85. Alizimaliza mwaka 1821, na baada ya miaka michache wakubwa kwa watoto walikuwa wakiandikiana barua. Sisi tuliosimama mbele ya ubao kuwafundisha watoto ba, be, bi, twajua ni kazi gani aliyoifanya mtu huyo.

Worcester alishughulika ili herufi hizo zitengenezwe kwa madini huko Boston, na mtambo wa chapa ukaletwa New Echota. Tarehe 21 Februari 1828 likatoka gazeti lao la kwanza, Cherokee Phoenix, katika lugha mbili. Mhariri wake alikuwa Elias Boudinot, Mcherokee, naye na Worcester walipendana kama ndugu, wakatafsiri pamoja Injili ya Mathayo.

Basi karibu na wakati huo dhahabu ikaonekana katika milima ya Wacherokee. Jimbo la Georgia lilikuwa likiitamani nchi ile tangu zamani, na sasa tamaa ikazidi. Aliyesoma habari za shamba la Nabothi hana haja ya kuelezwa zaidi. Mwezi wa Mei 1830 serikali ya Marekani, chini ya Rais Andrew Jackson, ilitoa sheria ya kuwahamisha wenyeji wavuke mto Mississippi. Georgia nayo ikatangaza kwamba sheria za Wacherokee si kitu. Na kwa kuwa wamisionari walionekana kuwapa watu moyo wa kukataa, mwezi wa Desemba 1830 ikatungwa sheria nyingine: kila Mzungu mwanamume atakayekaa katika nchi ya Wacherokee baada ya tarehe 1 Machi 1831, pasipo kibali cha gavana na pasipo kuapa kwamba atazishika na kuzitetea sheria za Georgia, atafungwa kwa kazi ngumu muda usiopungua miaka minne.

Mtu aweza kuuliza, kiapo hicho kina ubaya gani? Je, Mkristo hapaswi kuitii mamlaka? Worcester alimjibu gavana mwezi wa Juni 1831. Alisema kwamba haamini Georgia ina haki ya kutawala pale, na kwamba akiapa hatafaa tena kitu kama mhubiri kati ya watu wale. Twaona neno hili la pili ndilo zito. Kuapa kwa Georgia ukiwa umekaa New Echota kulikuwa ni kukiri kwamba nchi imekwisha kuwa ya Georgia. Nani angemsikiliza tena akihubiri haki?

Mara ya kwanza askari walipomkamata, mwezi wa Machi, Jaji Augustin Clayton alimwachilia kwa sababu alikuwa pia msimamizi wa posta, na hivyo mtumishi wa serikali kuu. Gavana akafanya shauri avuliwe kazi hiyo, na mwezi wa Julai akakamatwa tena. Mwenzake, Daktari Elizur Butler, alifungwa mnyororo shingoni, na mwisho wa pili ukafungwa kwa farasi, akatembezwa hivyo hata usiku. Wakapewa dhamana. Mwezi wa Agosti mtoto mchanga wa Worcester akafa ilhali baba yuko mbali. Alipokuja kumfariji mkewe, Bibi Ann, askari walimkamata tena, ila walipojua sababu ya kuja kwake walimwacha aende.

Hukumu ilitolewa mwezi wa Septemba 1831 huko Lawrenceville. Washtakiwa walikuwa kumi na mmoja. Wazee wa baraza walikaa faraghani kiasi cha robo saa tu, wakarudi na neno moja: wana hatia. Wote wakapewa miaka minne, wakapelekwa kwenye gereza la Milledgeville. Hapo gavana aliwapa nafasi tena: atakayekubali kutii Georgia atasamehewa. Tisa wakakubali, na hatutaki kuwalaumu, kwa maana hatukusimama mlangoni pale. Worcester na Butler wakaingia ndani.

Lakini Marekani juu ya mahakama za majimbo iko Mahakama Kuu huko Washington, na kama Paulo alivyotaka rufani kwa Kaisari, hao wawili walipeleka rufani yao huko. Tarehe 3 Machi 1832 Jaji Mkuu John Marshall, mzee wa miaka 76, alisoma hukumu. Alisema Wacherokee ni taifa lenye mipaka yake, lililofungamana na Marekani kwa mikataba, na sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya mipaka hiyo. Kwa hiyo hukumu ya Lawrenceville ni batili.

Wameshinda, basi, nao hawakutoka. Mahakama ya Georgia ilikataa kutii. Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha funga kikao chake, isikae tena hata Januari 1833. Huhadithiwa kwamba Rais Jackson alimdhihaki Marshall atekeleze mwenyewe hukumu yake, lakini maneno hayo yaliandikwa miaka mingi baadaye. Lililo hakika ni kwamba Rais hakufanya neno lo lote.

Mwishoni mwa mwaka huo jimbo la South Carolina nalo lilikataa sheria ya serikali kuu, na watu wakaogopa vita. Wakubwa wa misioni, na marafiki waliowatetea hapo kwanza, wakawashauri wafungwa waache daawa yao, Georgia isije ikaungana na waasi. Tarehe 8 Januari 1833 waliiacha, wakimwandikia gavana kwamba nia yao juu ya haki haikubadilika. Tarehe 14 wakafunguliwa, bila kuapa kiapo kile.

Je, walifanya vema? Sisi twaona kwamba kwa nafsi zao walikuwa wametimiza zaidi ya wajibu. Walakini kesi ile haikuwa yao peke yao. Ilikuwa ngao ya Wacherokee, na ngao hiyo iliwekwa chini kwa ajili ya amani ya Wazungu na Wazungu. Boudinot mwenyewe alikata tamaa, na mwaka 1835 akatia sahihi mkataba wa kuiuza nchi, ingawa chifu John Ross na watu wengi walikataa. Mwaka 1838 askari wakawatoa watu kama 16,000 majumbani mwao. Yakadiriwa kwamba 4,000 walikufa. Daktari Butler alisafiri pamoja nao katika baridi ile, akiwatibu.

Worcester alikuwa ametangulia magharibi mwaka 1835, akaweka mtambo wake mahali paitwapo Park Hill. Huko, tarehe 22 Juni 1839, Wacherokee waliochukizwa na ule mkataba walimwua Boudinot karibu na nyumba ya rafiki yake. Worcester aliendelea kutafsiri na kupiga chapa Maandiko hata alipokufa mwaka 1859.

Mwaka 1992 jimbo la Georgia liliwapa yeye na Butler msamaha kamili. Nyumba yake ya New Echota, aliyotolewa mwaka 1834 na Mzungu aliyeipata kwa bahati nasibu ya mashamba ya Wacherokee, ingali imesimama pale pale ilipojengwa.