Safu ya Lugha: Si kila kifaa cha ajabu ni hirizi
Michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, iliyoenea tangu Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974, imezaa kosa la kuita hirizi kila kifaa cha ajabu anachopewa shujaa: upanga, fimbo, hata viatu. Neno hili limetokana na Kiarabu hirz, yaani kinga. Hirizi, kwa kawaida maandishi yaliyoshonewa ndani ya ngozi au kitambaa, huvaliwa imlinde mvaaji, haimpigi mtu. Kinga nyingine zina majina yao: kago hulinda nyumba au shamba, fingo huzikwa ardhini. Msomaji aangalie pia githathi, jiwe la kiapo la Wagikuyu: linaogopwa kwa sababu humwadhibu mwongo, kwa hiyo nalo si hirizi.

Atasema mtu kwamba lugha hukua, tusiwabane wachezaji. Hukua, ndiyo, lakini mchezo wenyewe unatenganisha: nyongeza ya kinga huhesabiwa kando na nyongeza ya shambulio, na anayemjenga mhusika huchagua kati ya hizo. Neno moja likibeba zote mbili, uchaguzi huo hausemeki. Upanga na uitwe upanga wa ajabu. Pete inayomkinga mvaaji, hiyo ndiyo hirizi.